Miraba niliyodarizi inatoka midogo kuliko ya viraka. Nikate kwanza au nidarizi kwanza?

Mdarizi_wa_Usiku

Habari zenu wadau.

Natengeneza mfarishi wa kitanda cha mtoto wa dada yangu. Ramani yake si ngumu: miraba 20, minne kwa mitano, mmoja wa viraka, unaofuata wa kudarizi, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila mraba ukishaunganishwa uwe na inchi 10, kwa hiyo nakata 10½, ile robo inchi ya kila upande iingie kwenye mshono.

Ya viraka haina shida. Ya kudarizi ndiyo inayonitesa. Nakata kitambaa 10½ kwa 10½, nakibana kwenye fremu, cherehani inadarizi ndege, nakitoa, nashika rula: upana umebaki 10¼, urefu 10⅜. Halafu kuzunguka ndege kuna vijikunjo vidogo vidogo. Nikipiga pasi vinalala, kitambaa kikipoa vinaamka tena.

Nataja vyote nisiulizwe baadaye: kitambaa ni pamba tupu, nimekifua kabla ya kukikata. Fremu ni ile ya milimita 130 kwa 180. Stabilaiza (ile karatasi ya kuwekwa chini ya kitambaa ikishikilie kisisinyae) ni ya kuchana, karatasi moja. Sindano 75/11, uzi wa polyesta namba 40 juu, na bobini nimejaza uzi huohuo.

Na sababu ya kuuliza badala ya kuendelea kubahatisha ni meza. Meza tuliyo nayo ni moja, mchana ina sahani na madaftari ya watoto, mimi naipata wakishalala. Naweka ubao wa kukatia, natoa cherehani, nafanya mawili matatu, na kabla sijaenda kulala kila kitu kimerudi kwenye kasha, pini zimehesabiwa kwa sababu kuna wanaotembea peku asubuhi. Ndege mmoja akiharibika, usiku wangu umekwenda naye.

Basi naomba kujua: nidarizi kwanza ndipo nikate? Hii sita niliyokwisha kuidarizi inaokoka? Na siku ya kushona tabaka zote tatu pamoja (uso, pamba ya katikati na bitana), mshono upite juu ya ndege au umzunguke?

---

UziMrefu

Darizi kwanza, kata baadaye. Hilo halina mjadala.

---

Bi_Subana

Mwanangu, aliyetangulia kasema kweli ila kasema kwa ubahili. Mimi nina nafasi, cherehani yangu iko kwenye rangi ya tatu kati ya saba na sithubutu kuinuka. Kuna watu hudhani cherehani ya kudarizi ukishaiwasha unaenda zako kuanua nguo. Nenda, urudi ukute kona ya kitambaa imejikunja chini ya fremu na imeshonewa humo humo, na ua limekaa juu yake bila wasiwasi wowote.

Sasa sikiliza. Kila mshono mmoja unavuta. Uzi wa juu unavuta, wa bobini unavuta, na kitambaa kilichobanwa katikati hakina pa kwenda ila kuingia ndani. Mshono mmoja hauonekani, lakini ndege ana maelfu. Na kitambaa husinyaa zaidi kwa upande ule ambao mishono imelala. Ndege wako bila shaka kajazwa kwa mishono ya kulia kwenda kushoto, ndiyo maana upana umepoteza robo nzima na urefu umepoteza nusu ya hiyo robo. Vipimo vyako vyenyewe vinasema.

Kwa hiyo acha kabisa kukata 10½. Kata 13 kwa 13. Kikunje mara mbili kiwe robo, bonyeza mikunjo kwa ukucha upate msalaba, na huo msalaba ndio uulinganishe na alama za katikati kwenye kingo za fremu. Hakikisha mstari mmoja unafuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, na mwingine mshindio, nyuzi za upana. Kitambaa kikikaa mshazari kwenye fremu, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, kitavutika upande mmoja na ndege atasimama kama mlevi.

Kisha kaza skrubu, na ukishakaza USIVUTE KONA. Hapa ndipo vijikunjo vinapozaliwa. Kitambaa kinatakiwa kiwe kimekaza, sawa, lakini kikiwa kimelala kwa asili yake. Ukikivuta baada ya kufunga skrubu umekitanua. Ndege anashonwa juu ya kitambaa kilichotanuka, unafungua fremu, kitambaa kinarudi kilikotoka, mishono haiwezi kurudi nacho. Pasi haina dawa ya hilo.

Ukikitoa, chana stabilaiza taratibu huku kidole gumba kimeishikilia mishono, usichane kama unafungua bahasha. Tandika taulo nene, mlaze ndege kifudifudi juu yake, piga pasi ya mvuke kwa nyuma. Usisugue. Weka, inua, sogeza, weka. Taulo linapokea mishono isibonyezwe ikawa bapa. Acha kipoe palepale kabla ya kukigusa.

Hapo sasa ndipo unapokata. Chukua rula ya kuonea, tafuta katikati ya ndege, pima inchi 5¼ kwenda kila upande. Pima kutoka katikati ya ndege, usipime kutoka ukingo wa kitambaa, ukingo hauna habari na ndege. Na katikati yenyewe iamuliwe na jicho. Ndege mwenye mkia mrefu, katikati inayotolewa na kompyuta inahesabu mkia, na ukiifuata mwili wote unaonekana umesukumwa pembeni. Sogeza mpaka upendezwe, una inchi moja na zaidi ya kuchezea kila upande, ndiyo faida ya kukata 13.

Hao sita usiwafumue. Kufumua mishono ya kudarizi kwenye pamba ni kutafuta matundu. Pima kila mmoja kutoka katikati, wapunguze wote wawe 9½ kwa 9½, kisha washonee ukanda wa rangi nyingine pande zote nne. Ukanda wa inchi 1 ungetosha kwa hesabu: 9½ ikishaingia kwenye mshono ni 9, jumlisha nusu na nusu, 10 imetimia. Lakini mimi nakata ukanda 1½, nashona, napiga pasi, ndipo naukata mraba mzima uwe 10½ kamili. Ukanda mwembamba uliokatwa kamili haukusamehe kitu. Na ukishafanya hivyo kwa sita, wafanyie na wale wanne waliobaki, mfarishi utaonekana ulipangwa hivyo tangu mwanzo.

Swali la tatu nitalirudia, uzi umekatika hapa.

---

Fundi_Jioni

Kabla hujakata kitu dada, swali moja. Huyo ndege ulimpata kwa ukubwa huohuo, au ulimpunguza?

---

Mdarizi_wa_Usiku

@Bi_Subana ahsante sana mama, hilo la taulo nalifanya leo leo. Kuvuta kona, hapo umenipata.

@Fundi_Jioni alikuwa mkubwa, hakuingia kwenye fremu. Nilimpunguza kwenye kompyuta hadi asilimia 80. Faili ni DST. Nimeangalia sasa hivi, mishono ni 21,600 kabla na 21,600 baada.

---

Fundi_Jioni

Basi nusu ya ugonjwa uko hapo.

Faili ya DST haijui kwamba kuna bawa au mdomo. Inachobeba ni safari ya sindano tu: nenda hapa, toboa, nenda pale, toboa, badili rangi. Ukiipunguza kwa programu isiyohesabu upya, inachofanya ni kusogeza matundu yakaribiane. Hakuna hata mshono mmoja unaoondolewa.

Sasa piga hesabu. Asilimia 80 ya upana mara asilimia 80 ya urefu ni asilimia 64 ya eneo. Mishono ileile iliyokuwa imeenea vizuri imebanwa kwenye eneo la asilimia 64, yaani msongamano umepanda zaidi ya mara moja na nusu. Kama mistari ya kujaza ilitengenezwa kwa nafasi ya milimita 0.4, ambayo ndiyo kawaida ya uzi namba 40, sasa ina 0.32. Uzi haujapungua unene. Unarundikana, unasukuma na kuvuta, na kwenye pamba nyepesi yenye karatasi moja ya stabilaiza ya kuchana, lazima kisinyae. Mguse ndege mgongoni. Nakisia ni mgumu, haukunjiki.

Tafuta ndege yuleyule akiwa ametengenezwa kwa ukubwa mdogo, wauzaji wengi wa michoro hutoa saizi kadhaa. Au tumia programu inayohesabu mishono upya, na ushahidi utauona kwenye namba: ikishuka kuelekea 13,800 ujue imehesabu, ikibaki 21,600 ujue imekudanganya. Kwenda juu au chini asilimia 10 huwa hakuna neno. Asilimia 20 ndiyo hiyo.

Na usisahau wewe unashona usiku. Kwa mwendo wa mishono 600 kwa dakika, 21,600 ni dakika 36 bila kuhesabu kubadili rangi. 13,800 ni dakika 23. Kwa ndege wanne waliobaki hiyo ni karibu saa nzima ya usingizi.

Jambo jingine ni bobini. Uzi wa namba 40 chini na juu unaongeza unene bure. Chini weka mwembamba, namba 60. Kwenye nyuzi namba kubwa ndiyo uzi mwembamba, watu wengi huchanganya. Ukishaweka, geuza kazi utazame zile nguzo za mishono ya satini, kama miguu ya ndege: katikati ya nguzo uone mstari wa uzi wa bobini wenye upana wa theluthi moja, na uzi wa juu umejikunja kila upande. Usipouona kabisa, uzi wa juu umelegea. Ukiona uzi wa bobini unachungulia kwa mbele, uzi wa juu umekaza kupita kiasi, au kuna vumbi la nyuzi limekaa chini ya sahani. Fungua, piga brashi. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

---

Bi_Subana

Haya, Fundi kaniwahi kwenye mchoro, mimi hata sikuwaza kwamba alipunguzwa. Ndiyo maana napenda kuuliza mbele za watu.

Narudi kwenye swali la tatu. Mshono usipite juu ya ndege. Sindano ikiingia kwenye mishono iliyosongamana inapinda, uzi unachanika, na hata ikipita salama umemfukia ndege uliyemhangaikia. Mzunguke. Fuata umbo lake kwa karibu, kama robo inchi kutoka kwenye mishono, na utaona maajabu: pamba ya katikati inayobanwa pembeni inamwinua yeye, anajitokeza. Kisha pita kwenye maungio ya miraba.

Lakini soma lebo ya hiyo pamba ya katikati kabla ya kuinunua au kuikata. Imeandikwa umbali wa mwisho kati ya mshono na mshono. Kuna ya inchi 10, kuna ya inchi 4. Ukiacha nafasi kubwa kuliko ilivyoandikwa, ukiufua mfarishi mara kadhaa pamba inajikusanya mabonge. Kama ndege wako ana inchi 6 na pamba inataka 4, itabidi uingie ndani yake kidogo, upite mpakani mwa bawa na mwili kwa uzi wa rangi ileile, hakuna atakayejua.

Kabla ya kulaza tabaka, geuza kila ndege ukate nyuzi zinazoning'inia. Zote. Bitana likiwa jeupe na uzi ni mwekundu, utauona kwa nyuma maisha yako yote. Sindano nayo badilisha, weka 90/14, ile 75/11 iache kwenye kudarizi. Piga bandi kwanza au tumia pini za kufunga, kila upana wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia kona, bitana linakuja kukusanyika katikati na hapo hakuna pa kulipeleka.

---

MstariSawa

Naingilia kidogo. Wote mmemkalia ndege, hakuna aliyeuliza kuhusu ile miraba ya viraka. Dada anasema "haina shida". Imepimwa, au inaonekana tu haina shida kwa kuwa iko karibu na mingine mibaya?

Jaribu hivi. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1½, virefu kiasi. Viunganishe ubavu kwa ubavu kwa hiyo robo inchi yako, piga pasi, pima. Vyote vitatu pamoja viwe 3½, na cha katikati kiwe inchi 1 kamili. Kikiwa pungufu, mshono wako ni mnene. Robo inchi ya mfarishi ni robo inchi pungufu kwa unene wa uzi mmoja au miwili, kwa sababu kitambaa kikigeuzwa juu ya mshono kinakula kidogo. Mtu anaona hilo ni dogo, lakini kila mshono unakula pande mbili. Ukikosea sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kwenye mraba wenye vipande vinne kwa safu, una miungano mitatu, umepoteza inchi 3/8. Hiyo ni zaidi ya alichokula ndege.

Mimi nimebandika mkanda wa karatasi kwenye sahani ya cherehani, tabaka kadhaa, kitambaa kinagonga hapo na kusafiri kimenyooka. Mguu wa cherehani wa kupimia robo inchi ninao, umelala kwenye droo.

Na kama mwisho wa yote pembe hazikukutana, usilie. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, mistari inayumba, miraba haina kona sawa. Mwaka 2002 ilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, kisha makumbusho ya Whitney, New York, na mwaka 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Ila wao waliyumbisha kwa jicho linalojua linakotaka kwenda, si kwa fremu iliyolegea, tusitafute kisingizio.

---

UziMrefu

@MstariSawa kwa hiyo mguu wa robo inchi hauna kazi? Nilitaka kununua.

---

MstariSawa

Una kazi kama sindano yako inakaa katikati kabisa. Yangu naisogeza. Jaribu vile vipande vitatu kwanza, huenda ukahifadhi hela yako.

---

Mdarizi_wa_Usiku

Nimerudi na habari.

Ndege mdogo nimempata palepale nilipomchukua mkubwa, faili ilikuwapo, sikuwa nimeteremka chini ya ukurasa. Mishono 14,100. Kitambaa 13 kwa 13, sikuvuta kona, stabilaiza ya kuchana karatasi mbili zilizopishana, uzi mwembamba chini. Ametoka akiwa amelala. Nimempiga pasi juu ya taulo, nimemwacha, nimerudi baada ya kuosha vyombo, bado amelala. Mgongoni unaona ule mstari wa theluthi kwenye miguu, kushoto kidogo ya katikati lakini upo. Na anakunjika! Yule wa kwanza ukimkunja anarudi mwenyewe kama kadibodi.

Vipande vitatu vya MstariSawa: 3⅜. Sikupenda kukiona, lakini nimesogeza sindano mara moja kulia na sasa ni 3½. Miraba ya viraka niliyokwisha kushona nimeipima upya, ina 10¼ na ushee. Kwa hiyo sasa wote, ndege na viraka, watapata ukanda, na nimeshachagua rangi: buluu iliyokolea, ipo ya kutosha.

Limebaki moja. Nikitumia stabilaiza ya kukata badala ya ya kuchana kwa hawa waliobaki, mfarishi hautakuwa mgumu? Na kelele: sakafu yetu inapitisha mtikisiko, nikidarizi usiku chumba cha pili wanasikia.

---

Bi_Subana

Ya kukata ile nyembamba ya wavu haina ugumu, mradi ukate iliyozidi, ubakize nusu inchi kuzunguka ndege. Iliyobaki chini yake inamshika hata akifuliwa. Lakini kama wa leo ametoka vizuri kwa ya kuchana, usibadilishe katikati ya kazi. Watatu waliobaki wafanane na huyu.

Hiyo 10¼ na ushee ya viraka, usiikate hadi 9½ kama ya ndege, utakata ncha za pembetatu. Iache ilivyo, sawazisha tu iwe 10¼ zote, na ukubali mfarishi wenye miraba ya aina mbili: ya ndege ina ukanda, ya viraka haina. Ndege nao uwalete 10¼. Utapoteza robo inchi kwa kila mraba, inchi 1 upana wote na 1¼ urefu wote. Mtoto hatapima.

---

Fundi_Jioni

Kelele: mkeka mnene wa mpira chini ya cherehani, na miguu ya meza nayo isikanyage sakafu moja kwa moja. Halafu punguza mwendo, cherehani nyingi zinakuruhusu kushuka hadi 400 kwa dakika. Mtikisiko na kelele vinapungua, na uzi nao unakatika kwa nadra. Ndege wa 14,100 atachukua dakika 35 badala ya 23 na nusu.

---

Mdarizi_wa_Usiku

10¼ basi, bila ukanda kwenye viraka. Mkeka wa mpira upo kwenye gari, nauchukua kesho.